Tekiniku na Wagonjwa Wake wa Mbali

Watu wa Palma, mji wetu wa kusini mwa mto Ruvuma, mimi nawajua kwa nje. Yeye aliwajua kwa ndani. Alikaa miaka mingi katika chumba cha mwisho upande wa kushoto, ukishapita wodi ya wazazi, akipiga picha za vifua, miguu na viuno vya watu waliotoka Tungue, Mute, Namoto, na vijiji ambavyo hata kibao cha jina havina. Wakubwa wa hospitali, wanaozungumza Kireno, walimwita tekiniku, maana yake fundi wa mitambo. Jina likamganda. Mpaka mkewe alimwita Tekiniku.

Sura za watu hazikumkaa kichwani hata kidogo. Ungemwamkia sokoni akakuitikia kwa heshima zote, huku macho yake yanauliza wewe ni nani. Lakini mtu akimwambia, "Mimi yule niliyeanguka mnazini," uso ulimfunguka palepale.

"Mtulinga wa kulia!" angesema, na kumshika bega kama ndugu aliyepotea. "Uliunga vibaya kidogo. Siku za mvua vipi, unauma?"

Siku moja msibani, watu wamekaa kimya wanasubiri maiti itolewe, alimwinamia bwana mmoja mnene na kumuuliza, kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, kama moyo wake bado umetanuka vilevile. Bwana yule hakuwahi kuwaambia wakeze.

Alizaliwa wapi sijui. Nilimuuliza mara moja, akanijibu kwamba jambo hilo limeandikwa kwenye bileti yake ya utambulisho na hakuona haja ya kulirudia.

Mimi nilikuwa jirani yake, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari. Ndiyo sababu mambo yake yalinipitia mikononi. Yeye Kireno alikijua, Kiswahili alikijua, Kimakonde alikitumia akikasirika, lakini Kiingereza kilimshinda. Na wagonjwa wake wa mbali, kwa bahati mbaya, walikuwa wa Kiingereza.

Hao wagonjwa wa mbali walianza hivi. Mashine ya eksirei iliharibika. Kipande kimoja kikaagizwa, tukaambiwa kinakuja, na kikakaa njiani miezi. Tekiniku hakuweza kukaa nyumbani. Kila asubuhi alivaa koti lake jeupe, akafungua chumba, akaketi pembeni ya mashine iliyokufa kama mtu anayefanya hitima. Akawa anasoma kwenye simu chochote kilichokuwa na neno "eksirei." Huko ndiko alikokuta kwamba kuna darubini zinazoelea juu angani, nje kabisa ya hewa yetu, zinazopokea eksirei kutoka kwenye magalaksi, yaani makundi makubwa ya nyota yaliyo mbali kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Akakuta pia kwamba wenye darubini hizo, wakishamaliza kazi yao, huweka matokeo yote hadharani, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuyachukua bure.

Alikuja kunigongea akiwa bado na koti.

"Mwalimu, huko kuna picha za eksirei maelfu na hakuna foleni."

"Picha za nani?"

"Za magalaksi. Yale yanayong'aa sana katikati. Nisaidie kusoma maelekezo, yameandikwa Kiingereza."

Nilimsaidia, nikidhani ni jambo la wiki moja. Lilikuwa jambo la miaka.

Nitajaribu kueleza alivyonieleza. Eksirei si kitu cha namna moja. Kuna laini na kuna ngumu. Ile laini huzuiwa na nyama tu. Ngumu hupita nyama na kuzuiwa na mfupa. Sasa katikati ya galaksi hizi zenye shughuli kuna shimo jeusi, zito ajabu, linalovuta gesi kutoka pande zote. Gesi ikikaribia kuingia hupata moto mpaka inatoa eksirei. Darubini huzipokea chembe moja moja na kuandika kila moja ilikuja na nguvu kiasi gani. Ukishahesabu laini ngapi, ngumu ngapi, na za kati ngapi, unapata mchoro: mteremko mrefu kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa laini ukikatika ghafla, ujue kuna wingu la gesi limesimama mbele. Na ukiona kinundu kidogo pale kwenye mteremko, mahali palepale panapojulikana, hicho ni chuma. Chuma kinachozunguka shimo kimepigwa na mionzi nacho kikawaka.

"Ni kifua," alisema. "Kifua cha mtu mkubwa sana ambaye hawezi kuja hospitali."

Aliwafungulia daftari. Lilikuwa lilelile la hospitali, lenye safu za jina, umri, anakotoka, na malalamiko. Jina aliandika herufi na tarakimu zao. Anakotoka: mbali. Malalamiko: anang'aa kupita kiasi. Siku ya ukaguzi, mkaguzi aliyetumwa kutoka mkoani alilipitia daftari lile ukurasa kwa ukurasa, mwisho akauliza kwa upole kwa nini wagonjwa ishirini na wawili wa chumba kile walikuwa na umri wa miaka bilioni kadhaa na hakuna aliyeandikiwa dawa. Tekiniku akasimama wima. Akajibu kwamba hao walikuja kwa uchunguzi tu.

Tarakimu zilimchosha, basi akaanza kuwapa majina ya mtaani. Galaksi moja iliyokuwa ikiwaka na kufifia ndani ya saa chache, mara kali, mara baridi, akaiita Zainabu, kwa heshima ya Bi Zainabu aliyeuza mikate ya sinia kwenye geti la hospitali. Habari zilimfikia mwenyewe kabla ya saa sita mchana. Alikuja na sinia lake kichwani.

"Nasikia umeniweka kwenye kompyuta."

"Si wewe, bibi. Ni galaksi. Nzuri sana."

"Ina nini ndani?"

Tekiniku hakujua kudanganya. Hilo ndilo lililomponza maisha yake yote. "Ina shimo jeusi linalomeza kila kinachopita karibu."

Wiki mbili hakupata mkate. Tulimnunulia sisi majirani, kwa siri, na Bi Zainabu alijua, akatuuzia ile iliyoungua pembeni.

Jambo moja linanichekesha mpaka leo. Mtu huyu aliyewajua wakazi wa mbinguni kwa majina hakuwahi hata mara moja kutoka nje kutazama nyota. Alikuwa mtu wa kulala mapema kama kuku. Nilimwambia siku moja kwamba watu wa kazi yake hukesha.

"Wanakesha kutafuta nini? Eksirei hazifiki chini, hewa inazizuia, na tushukuru kwa hilo. Huko nje kuna mbu tu."

Na alikuwa mwoga. Aliyewaambia maelfu ya watu "vuta pumzi, shikilia, usiogope" alizimia alipochomwa sindano ya pepopunda. Mkewe ndiye aliyemshikilia, na ndiye aliyetusimulia, kila sikukuu.

Lakini kwenye kazi hakuwa na mzaha, na sababu yake alinieleza mara moja tu. Alipokuwa kijana walikuja wanaume wawili siku moja, wote wanakohoa, wote wanaitwa Abdala Saidi. Alibadilisha picha zao. Mzima akapewa dawa za kifua kikuu, mgonjwa akaambiwa aende zake. Aligundua baada ya majuma mawili, alipokuwa akipanga picha kabatini, akaona mbavu ambazo si za yule aliyeandikwa. Alipanda baiskeli mpaka ufukweni Tungue, akamkuta mgonjwa anashusha samaki na kukohoa damu. Akamleta mwenyewe, amempakia nyuma. Akapona. Yule mzima akaachishwa dawa, akalalamika kwamba kwa majuma mawili amekuwa akikojoa rangi ya fanta na hakuna aliyemwambia ni kwa nini.

"Wote wawili waliishi," nikamwambia.

"Ndiyo. Lakini sikuwa mimi niliyepanga waishi."

Tangu hapo aliandika jina mara tatu kwenye kila picha.

Sasa, siku moja, wakati akipitia orodha iliyowekwa hadharani na timu fulani ya watafiti wa Ulaya, alikuja kwangu mbio, kandambili moja mguuni.

"Wamebadilisha picha!"

"Nani?"

"Hawa. Wameandika huyu ni fulani na yule ni fulani. Sio! Tazama kinundu cha chuma. Huyu kinundu chake kimelalia kushoto, kipana, kama mgongo wa mtu aliyebeba maji. Namjua huyu! Nimemtazama mwaka mzima. Wamemwandikia jina la mwenzake."

Nikatazama. Niliona milima miwili ya nukta isiyo na tofauti yoyote. Lakini niliandika barua, kwa Kiingereza changu cha kufundishia, nikasema tekiniku wa hospitali ya wilaya anaamini safu mbili za orodha yao zimepishana. Tukakaa siku tisa. Ya kumi akajibu mwanamke mmoja, mkuu wa timu ile. Alisema wamekagua. Ni kweli. Aliomba tuzungumze kwa video, timu nzima imwone mtu aliyeligundua hilo.

Wiki hiyohiyo mnara wa simu wa Palma ukazimika.

Tukaenda Namoto, mpakani, kwa sababu pale simu hunasa mtandao wa ng'ambo ya Ruvuma. Tulikaa kibarazani pa duka la vitenge na sabuni, saa nne asubuhi, kompyuta juu ya kreti la soda. Tekiniku alivaa koti jeupe na tai. Nyuma yetu wakasimama wachuuzi waliokuwa wakisubiri kuvuka, na mbele yetu, kwenye kioo, watu saba wa Ulaya katika chumba chenye mwanga mzuri.

Yule mkuu aliuliza kwanza taasisi yake ni ipi. Nikatafsiri. Tekiniku akafikiri.

"Waambie chumba cha mwisho kushoto, ukishapita wodi ya wazazi."

Nikawaambia hivyo hivyo. Mmoja wao aliandika.

Akaanza kueleza. Haikuchukua muda akasahau kwamba anaogopa. Alifika mahali pa kusema kwamba galaksi ile ya pili upande wake wa laini umekatika, kwa sababu mbele yake kuna gesi nyingi, gesi nyingi mno. Alilisema kwa Kiswahili ili mimi nitafsiri. Kibaraza chote kikasogea: kwetu gesi ni ile ya chini ya bahari, inayojengewa mitambo Afungi, ambayo tuliahidiwa ingetupa kazi.

"Gesi?" akauliza mchuuzi wa vitunguu. "Iko wapi?"

"Mbali," nikasema, bila kugeuka.

"Mbali wapi? Upande wa Afungi au huku juu?"

"Wataandika majina ya vijana lini?" akadakia mwingine.

Askari wa mpakani akasogea akasukuma watu, akainamia kioo. "Hii mistari ni ramani? Hawa wazungu mnawaonyesha gesi yetu bila kibali?"

"Hii si ramani," akasema Tekiniku kwa hasira, "ni mgonjwa!"

Kule Ulaya wakawa wanatazama uso wa askari umejaza kioo. Mkuu wa timu akaniuliza bwana yule ametaka kujua nini. Nikamwambia ukweli: anataka kujua gesi ni ya nani na iko umbali gani. Mama yule akamjibu askari moja kwa moja, kwa upole, na mimi nikatafsiri: kwamba mwanga wenyewe ulioonyesha gesi hiyo uliondoka huko miaka milioni mia moja iliyopita.

Askari akanyanyuka polepole. Akawageukia watu.

"Haitatufikia," akawatangazia. "Kama ile nyingine."

Kibaraza kikaangua kicheko, na wale wa Ulaya, bila kuelewa, wakacheka nao. Tekiniku peke yake hakucheka. Alisubiri wamalize, akaendelea na kinundu cha chuma.

Jina lake likatoka kwenye makala yao, la mwisho katika orodha ya majina manane. Aliichapa karatasi ya kwanza ya makala akaibandika kwenye ukuta wa chumba cha picha, chini ya ile inayosema wajawazito watoe taarifa.

Vita vya waasi vilipofika kwetu tulikimbia kila mtu na alichoshika. Mkewe alibeba sufuria na Kurani ya jirani aliyesahau. Yeye aliificha kompyuta ndani ya gunia la unga wa muhogo, akalibeba kichwani, siku tatu. Kompyuta ilinusurika. Mwaka mzima baadaye ukibonyeza herufi ilitoa vumbi jeupe, na mkewe alisema hiyo ndiyo galaksi pekee yenye shughuli aliyoiona yeye. Tuliporudi, tulirudi kwa mafungu. Chumba cha picha kilikuwa na kuta tu. Yeye alishafika umri wa kustaafu, akahamia Mute kwenye shamba la mkewe. Nikasikia analima muhogo vibaya sana; barua za Ulaya bado alinitumia kwa simu nimtafsirie.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka uliopita. Aliniita kwa simu: njoo Mute Jumamosi, kuna sherehe. Makala ya pili inatoka, na safari hii jina lake ni la kwanza. Amegundua shaba. Katika galaksi mojawapo, kando ya kinundu cha chuma, ameona kinundu kingine kidogo, mahali pa shaba, ambapo hakuna aliyewahi kukiona. Timu ya Ulaya ilifurahi naye, ilikuwa tayari kuituma makala ichapwe.

Nilipofika, mbuzi alikwisha kuchinjwa. Wali ulikuwa motoni kwenye masufuria mawili. Mikeka imetandikwa, wazee wa kijiji wameketi, na mmoja alishaniuliza, kabla hata sijavua viatu, kama shaba hiyo itachimbwa kwa mkono au kwa mitambo.

Tekiniku alinivuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda. Kompyuta aliikumbatia kifuani.

"Mwalimu, si ya galaksi."

"Nini?"

"Shaba. Alfajiri nilifungua picha za mahali patupu. Pale darubini ilipotazama mahali pasipokuwa na kitu. Na shaba ipo. Ni ya darubini yenyewe, Mwalimu. Mwili wake una shaba, mionzi ikiupiga unawaka. Umeelewa? Ni kama mgonjwa aliyeacha sarafu mfukoni. Miaka thelathini nawaambia watu watoe vitu mfukoni."

Mbele ya nyumba watu walikuwa wakicheka. Harufu ya nyama ilitufikia.

"Wao hawakuiona?" nikauliza.

"Hawakuiona."

"Basi labda..." Sikumaliza. Nilitaka kusema labda ale kwanza, labda asubiri Jumatatu, labda mzee wa umri wake anaweza kuachiwa shaba kidogo. Sijivunii hilo.

Akaifungua kompyuta juu ya kinu kilichopinduliwa. "Andika. Sema nimekosea, makala isitoke. Sema wazi, usiweke yale maneno yenu ya heshima yanayozunguka."

Niliandika mistari minne. Akanitaka nimsomee kwa Kiswahili, nikamsomea, akabonyeza kutuma mwenyewe, kwa kidole kimoja. Kisha akajiweka sawa kola na kutoka mbele ya wageni, nami nikamfuata.

"Ndugu zangu," akasema, "nimewaita kwa ajili ya shaba. Shaba haipo. Nimekosea mimi. Ile niliyoiona ni ya chombo chenyewe cha kutazamia."

Mkewe alisimama na mwiko mkononi.

"Haipo kabisa?" akauliza yule mzee aliyetaka kujua habari ya mitambo.

"Kabisa."

Mzee akamtazama, akatazama masufuria, akamtazama tena. "Lakini mbuzi yupo?"

"Mbuzi yupo."

"Basi kaa, baba. Mbuzi huyu hatuwezi kumrudisha uhai kwa sababu umekosea hesabu."

Wakamvuta mkekani wakampa mahali pa katikati. Walikula vizuri. Waliuliza maswali, na yeye akawaeleza kosa lake lote tangu mwanzo, anachora kwa kidole kwenye mkeka, wali unamwagika, mpaka wawili kati yao wakaanza kubishana wao kwa wao kama pale patupu palitazamwa vya kutosha. Sijawahi kuona somo langu lolote likisikilizwa namna ile.

Jioni alinisindikiza mpaka barabarani kungoja gari la Palma. Jibu lilikuwa limekuja: walimshukuru, na mama yule mkuu aliongeza kwamba wote saba walipita juu ya shaba ile bila kuishuku. Nilimsomea mara mbili.

Gari likaonekana kwa mbali, taa moja inafanya kazi. Akanikabidhi kifurushi cha nyama iliyofungwa kwa jani la mgomba, ya watoto.

"Iliniuma, Mwalimu," akasema.

"Najua."

"Hapana, hujui. Hukuuona vizuri ule mchoro." Alikuwa akitazama barabara, mkono mmoja umeinuliwa kusimamisha gari. "Ilikuwa shaba nzuri sana."